Jengo Jipya la Abiria na Sanduku Linalosubiriwa Karatu

Jengo jipya la abiria linapofunguliwa katika uwanja wa ndege, macho ya wengi huelekea kwenye paa, vioo, sakafu inayong'aa na idadi ya abiria ambao jengo limekusudiwa kuwahudumia kwa mwaka, ilhali sehemu inayoamua kama jengo hilo linafanya kazi imefichwa chini ya sakafu na nyuma ya kuta, mahali ambapo masanduku husafirishwa kwa mikanda, hupigwa eksirei, hupangwa kwa safari na kupakiwa kwenye matela. Sehemu hiyo ikikosea, abiria huwa hana habari mpaka afike mwisho wa safari yake. Kwa wageni wa Karatu na Ngorongoro, mwisho huo uko mbali mno na mahali kosa lilipotendeka, kwa kuwa kuchelewa kwa dakika chache katika uwanja wa Amsterdam, Doha, Addis Ababa au Dar es Salaam huweza kumfikia mgeni akiwa tayari kwenye ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, usiku wa baridi, naye hana sweta wala dawa zake.

Ili kuelewa jinsi hali hiyo inavyotokea, ni vyema kwanza kufuata njia ya mzigo wenyewe. Abiria anapofika kaunta, sanduku lake hupimwa na kufungwa tagi, yaani karatasi ngumu yenye mistari ya kusomwa na mashine, namba ya tarakimu 10 na herufi tatu za uwanja linakokwenda, ambazo kwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, maarufu kama KIA, ni JRO. Tarakimu zile 10 hubeba alama ya shirika la ndege na namba ya mzigo, na kwa kuwa mashine zinazopanga mizigo husoma namba hiyo tu kisha kuuliza kompyuta inahusu safari ipi, sanduku lisilo na taarifa ndani ya kompyuta ni sawa na sanduku lisilo na mwenyewe, hata kama jina na anwani vimeandikwa ubavuni kwa wino mweusi. Baada ya kaunta, mkanda hulipeleka kwenye eksirei, kisha kwenye mtambo wa kupanga mizigo, kisha kwenye chumba ambamo wafanyakazi hulipakia kwenye matela au kontena, na mwishowe trekta huvuta vyote hadi ubavuni mwa ndege.

Kanuni za usalama huongeza ugumu wa safari hiyo ya mzigo. Tangu bomu lililokuwa ndani ya sanduku lisilosindikizwa na mwenyewe lilipolipua ndege ya Pan Am juu ya mji wa Lockerbie, Uskoti, tarehe 21 Desemba 1988, na kuua watu 270, usafiri wa anga wa kimataifa umeshikilia msimamo kwamba mzigo wa abiria ambaye hakupanda ndege hauna budi kuteremshwa. Maana yake ni kwamba mfumo wa mizigo unapaswa kujua, kwa kila sanduku na katika kila hatua, mwenyewe ni nani na yuko wapi, jambo ambalo mtu mmoja hawezi kulishika kichwani na ambalo kompyuta hulishika vizuri pale tu zinapozungumza zenyewe kwa zenyewe bila kukatizwa.

Jengo jipya ndilo mahali ambapo mazungumzo hayo hukatika kwa urahisi. Mfano unaotajwa zaidi ni wa Jengo la Tano la uwanja wa Heathrow, London, lililoanza kupokea abiria tarehe 27 Machi 2008, wiki mbili tu baada ya kuzinduliwa na Malkia Elizabeth II. Katika siku za mwanzo mamia ya safari zilifutwa na zaidi ya mizigo 20,000 ikatengana na wenyewe, na mingine ilibidi isafirishwe kwa malori hadi Milan, Italia, ili ikapangwe huko. Mikanda yenyewe haikuwa mibovu. Siku ya kwanza wafanyakazi walichelewa kwa sababu hawakupata nafasi za kuegesha magari yao, wakakwama kwenye ukaguzi wa usalama, na baadhi walipofika kwenye vituo vyao kompyuta zikakataa kuwaruhusu kuingia katika mfumo. Mizigo ikaendelea kuteremka kutoka kaunta huku hakuna wa kuitoa mwisho wa mkanda, mpaka mkanda ukajaa na kusimama.

Kosa jingine la Heathrow linastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu linaonyesha jinsi jambo dogo linavyoweza kuangusha kazi ya mabilioni. Wakati wa majaribio, mafundi walikuwa wameweka kichujio ndani ya programu ili ujumbe wa mizigo ya majaribio usivuke ukaingia katika mifumo halisi ya majengo mengine, wala wa huko usiingie katika majaribio, na kichujio hicho kikasahaulika pale pale hata baada ya abiria wa kweli kuanza kusafiri. Matokeo yake, sanduku la abiria aliyewasili na shirika jingine na kuunganisha ndege katika jengo jipya lilifika likiwa na tagi sahihi, lakini kompyuta haikuwa imepokea taarifa yoyote kulihusu, hivyo likasukumwa pembeni kusubiri kupangwa kwa mkono. Baadaye mkuu wa British Airways wa wakati huo, Willie Walsh, alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kwamba majaribio yalipunguzwa kwa kuwa ujenzi ulichelewa na tarehe ya kufungua haikusogezwa.

Miaka kadhaa kabla ya hapo, jiji la Denver nchini Marekani lilikuwa limekwishalipia somo hilo hilo. Uwanja wake mpya ulipangwa kufunguliwa Oktoba 1993, lakini mtambo wa kubeba mizigo kwa vigari vinavyojiendesha juu ya reli, uliobuniwa kuhudumia uwanja mzima, ulirarua masanduku na kumwaga nguo njiani mbele ya waandishi wa habari walioalikwa kuutazama mwaka 1994, na uwanja ukafunguliwa tarehe 28 Februari 1995, miezi 16 baada ya wakati wake, huku kila siku ya kuchelewa ikikadiriwa kuligharimu jiji zaidi ya dola milioni moja. Mtambo huo uliachwa kabisa mwaka 2005. Munich, Ujerumani, ambako uwanja mpya ulifunguliwa mwaka 1992 ukiwa na mtambo mwepesi zaidi, mafundi waliuendesha mchana na usiku kwa miezi sita kabla ya kukabidhiwa sanduku la kwanza la abiria, na tofauti ya matokeo ya miji hiyo miwili inaeleweka zaidi kwa miezi hiyo sita kuliko kwa ubora wa vyuma. Mwaka 1998, Hong Kong na Kuala Lumpur zilifungua viwanja vyao vipya kwa kupishana siku chache tu, na kote kuwili abiria walisubiri mizigo kwa saa nyingi katika siku za mwanzo.

Tanzania nayo imepita katika kipindi cha kufungua majengo mapya. Jengo la Tatu la Abiria katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, lililojengwa na kampuni ya Kiholanzi ya BAM International, lilizinduliwa na Rais John Magufuli tarehe 1 Agosti 2019 likiwa na uwezo wa kuhudumia abiria milioni sita kwa mwaka, na safari za kimataifa zikahamishiwa humo, ilhali safari za ndani zikabaki katika Jengo la Pili lililofunguliwa mwaka 1984, na ndege ndogo zikaendelea kutumia Jengo la Kwanza. Mgawanyo huo ulipunguza msongamano uliokuwa ukilalamikiwa kwa miaka mingi, na hilo ni jema lisilopaswa kubezwa. Hata hivyo umeleta mshono mpya katika safari ya mzigo, kwa kuwa abiria anayetoka nje ya nchi hukaguliwa na forodha pamoja na mizigo yake katika kituo cha kwanza anachoingilia, na kwa hiyo mgeni anayeelekea Arusha au Manyara kwa ndege ya ndani hana budi kulichukua sanduku lake kwenye mkanda wa Jengo la Tatu, kulipitisha forodha, kulihamishia jengo jingine na kulikabidhi upya kaunta.

Hapo ndipo wageni wengi hukosea bila kujua, kwa sababu wamezoea viwanja ambako tagi ikishaandikwa mwisho wa safari hawana haja ya kuligusa sanduku tena. Mtu anayepita mkanda moja kwa moja akidhani mzigo utamfuata hugundua akiwa tayari ameshuka Arusha, na kurudi nyuma kunahitaji siku nzima. Kibao kimoja kikubwa karibu na meza za uhamiaji, kilichoandikwa kwa lugha kadhaa na kuwaelekeza abiria wote wa kuunganisha safari za ndani wachukue mizigo yao, kingeokoa masanduku mengi kuliko mashine yoyote ya bei kubwa. Tena ni jambo ambalo mamlaka ya uwanja inaweza kulifanya kwa gharama ndogo.

Zanzibar kulikuwa na badiliko la namna nyingine. Katika Jengo la Tatu la Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume, kazi ya kuhudumia ndege na mizigo ilikabidhiwa mwaka 2022 kwa kampuni ya Dnata ya Dubai. Suala la nani apewe kazi hiyo lilizua mjadala wa biashara na sheria ambao hauhusiani moja kwa moja na makala hii, lakini kwa upande wa mizigo kuna jambo la kujifunza: jengo linapobadilika pamoja na mtoa huduma, mambo mawili mageni hukutana siku moja, yaani mitambo ambayo mikono haijaizoea na mikono ambayo uwanja haujaizoea. Mpakiaji mizigo wa miaka 20 anajua ni safari ipi ina abiria wengi wa kuunganisha na ni trekta lipi huzimika likipata joto, na maarifa hayo hayaandikwi katika mkataba wowote.

Kwa Karatu na Ngorongoro, mlango mkuu wa kimataifa umebaki kuwa KIA, uliofunguliwa mwaka 1971 katika wilaya ya Hai ili kuwaleta wageni karibu na Mlima Kilimanjaro na hifadhi za kaskazini. Wageni wengi wa kutoka mbali hufika hapo baada ya kuunganisha ndege angalau mara moja, na kuunganisha ndiko kunakopoteza mizigo. Takwimu za SITA, kampuni inayoyahudumia mashirika mengi ya ndege kwa mifumo ya mawasiliano, zinaonyesha kwamba mwaka 2024 mizigo 6.3 kwa kila abiria 1,000 ilichelewa, kuharibika au kupotea, ikilinganishwa na karibu 19 mwaka 2007, na kwamba sababu inayoongoza ni kuhamisha mizigo kutoka ndege moja hadi nyingine. Maendeleo hayo ni makubwa, na yamechangiwa na kanuni ya 753 ya IATA, umoja wa kimataifa wa mashirika ya ndege, ambayo tangu Juni 2018 inayataka mashirika wanachama yarekodi mzigo unapopokewa, unapopakiwa, unapokabidhiwa kwa shirika jingine na unaporudishwa kwa mwenyewe. Lakini rekodi hiyo inakoma kwenye mkanda wa KIA, na safari ya kwenda Ngorongoro inaanza hapo.

Mpangilio wa safari za kaskazini unaeleza kwa nini hilo ni tatizo. Ndege nyingi za kutoka Ulaya hufika KIA jioni au usiku, mgeni hulala Arusha au njiani, na asubuhi huondoka kwa gari kupita Makuyuni na Mto wa Mbu, kupanda ukingo wa Bonde la Ufa na kuingia Karatu, mwendo wa karibu kilomita 190 kutoka KIA. Siku inayofuata gari hupita lango la Lodoare, hushuka kreta kwa barabara ya Seneto na kupanda kwa ile ya Lerai, na siku baada yake wageni wengi huwa wamekwishavuka lango la Naabi na kuingia Serengeti. Sanduku lililokosa ndege na kuletwa na ndege ya kesho yake usiku humkuta mgeni akiwa Karatu. Likipandishwa gari asubuhi, linafika Karatu wakati mwenyewe yumo ndani ya kreta. Na likikosa nafasi siku hiyo, kulifuatilia kunakuwa kazi ya kumkimbiza mtu anayesogea kila siku kwa kasi ile ile ya mzigo wake.

Lango la Lodoare hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, na kibali cha kuingia huhesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo gari lililobeba sanduku tu haliwezi kupita usiku, na likipita mchana hulipiwa kiingilio kama gari lolote. Kwa sababu hiyo Karatu imekuwa kituo cha asili cha mizigo iliyochelewa: ndio mji wa mwisho wenye hoteli nyingi, mafuta, mabenki na maduka kabla ya eneo la hifadhi, na ndipo sanduku linapoweza kulala salama na kukabidhiwa kwa dereva mwingine anayepanda alfajiri. Kazi hiyo hufanyika kwa simu na kwa kuaminiana. Dereva wa kampuni moja hukubali kubeba begi la mgeni wa kampuni nyingine, mlinzi wa hoteli hulipokea usiku wa manane, na mwongoza watalii, ambaye hakukosea lolote, ndiye anayeomba radhi mezani wakati wa chakula cha jioni. Huo ni utu mkubwa, na unafanywa bila malipo na bila mtu yeyote wa Amsterdam au Doha kuujua.

Mgeni mwenyewe, wakati huo, huhitaji nguo. Ngorongoro si mahali pa kaptura na fulana, kwa maana ukingo wa kreta hufunikwa na ukungu na baridi yake huwashangaza hata Watanzania wanaotoka pwani. Maduka ya Karatu na mnada wake, wenye mitumba ya kila aina, huweza kumpatia koti zito kwa bei nafuu, na mwongoza watalii anayempeleka huko kabla ya kupanda kwenda kreta humsaidia kuliko anayemwambia asubiri.

Wapo pia wageni wanaokwepa barabara kwa kupanda ndege ndogo kutoka Arusha hadi uwanja wa Ziwa Manyara, ulio juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, au hadi Ndutu na Seronera. Hao hukutana na tatizo la aina nyingine, yaani mzigo uliofika salama na kukataliwa kupanda. Ndege zinazotumika sana, aina ya Cessna Caravan, zina injini moja na uzito wake wote wakati wa kuruka, pamoja na watu, mafuta na mizigo, hauzidi tani nne. Nazo hupakia mizigo kwenye sanduku jembamba lililo chini ya tumbo la ndege, ambamo begi laini hukunjika na kuingia lakini sanduku gumu lenye magurudumu hugoma mlangoni. Uwanja wa Manyara upo zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya mwinuko, hasa wakati wa jua kali la mchana, hupunguza nguvu ya injini na ya mabawa, hivyo kila kilo huhesabiwa. Ndiyo maana kampuni nyingi huruhusu kilo 15 tu kwa abiria, na rubani anayekataa kilo 23 zilizoruhusiwa na shirika la kimataifa hafanyi ukaidi bali analinda uhai wa waliomo. Mawakala wanaouza safari hizo bila kueleza kanuni hiyo mapema, wakimwachia rubani aibu ya kuieleza kando ya ndege, wanastahili lawama.

Kuhusu fidia, sheria iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama, unalibebesha shirika la ndege dhamana ya mzigo uliochelewa, kuharibika au kupotea, kwa kiwango kisichozidi vipimo 1,519 vya fedha maalumu ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa kwa kila abiria, kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, ambavyo ni takribani dola 2,000 za Marekani. Kiasi hicho ni kikomo, wala si malipo ya moja kwa moja, hivyo abiria hana budi kuonyesha hasara aliyoipata, na risiti ya koti lililonunuliwa Karatu ni ushahidi halali. Malalamiko ya mzigo ulioharibika huandikwa ndani ya siku 7 tangu kupokewa, na ya mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu kukabidhiwa. Mzigo usioonekana kwa siku 21 huhesabiwa kuwa umepotea, na haki ya kwenda mahakamani hukoma baada ya miaka miwili. Kinachokosekana ni fidia kwa watu wa kati. Mkataba huo unamwangalia abiria na shirika la ndege, haumwoni dereva aliyerudi Arusha usiku kufuata sanduku wala hoteli iliyompigia mgeni pasi nguo zake zile zile kwa siku tatu, kwa hiyo gharama zao zitalipwa tu kama zimeandikwa katika mikataba kati ya kampuni za utalii na mashirika ya ndege au kampuni za huduma za uwanjani.

Kabla ya kuondoka uwanjani, mgeni ambaye sanduku lake halikutokea hupaswa kuripoti kwenye ofisi ya mizigo na kupewa namba ya kufuatilia, na hapo ndipo makosa mengi ya ufuatiliaji huanzia. Fomu huuliza anwani, na mgeni aliyechoka huandika jina la hoteli ya Arusha atakapolala usiku huo mmoja. Anachopaswa kuandika ni ratiba yote, siku kwa siku na hoteli kwa hoteli, pamoja na namba ya simu ya kampuni yake ya utalii na ya dereva, kwa kuwa simu ya kigeni mara nyingi haitapatikana ndani ya kreta. Anapaswa pia kuacha ruhusa ya maandishi ya kumwezesha wakala wake kulipitisha sanduku forodha kwa niaba yake, na kama limefungwa kwa kufuli, ufunguo au namba ya kufuli hilo. Kisha, badala ya kuomba lifuate kila anakolala, achague mahali pamoja ambapo gari lake litapita tena, na kwa anayerudi kutoka Serengeti kwa barabara ya Ngorongoro mahali hapo ni Karatu.